Unachokituma Kuhusu Goma Kinafika Goma

Vita vya mashariki mwa Kongo vimeingia majumbani mwetu kwa njia ya simu. Kijana wa bodaboda anavifuatilia akisubiri abiria. Mama lishe anasikiliza huku anageuza chapati. Mwalimu mkuu anatumiwa video na mwanafunzi wake wa zamani aliyeko Kigoma. Mji gani umechukuliwa? Nani kasaini nini? Droni imepiga wapi?

Si vibaya kufuatilia. Jirani akiwa na msiba, nani atafunga dirisha asisikie kilio? Naamini kila anayesoma hapa anawatakia heri watu wa Kivu. Ninachoomba ni kwamba tukae kidogo, tuzungumze tunavifuatilia vita hivi kwa namna gani.

Maana vina jambo moja ambalo vita vingi tunavyovitazama kwa mbali havina. Ukijadili Ukraine kwa Kiswahili, bibi aliyejificha chini ya ghorofa kule Kharkiv hakusomi. Ukikosea, umekosea mbele ya rafiki zako tu. Lakini Goma, Bukavu na Uvira ni miji ya Kiswahili. Sokoni wanapatana bei kwa Kiswahili, kanisani wanaomba kwa Kiswahili, na kwenye simu wanasoma Kiswahili unachoandika wewe. Ujumbe unaotoka Buguruni saa mbili usiku unaingia kikundi cha ukoo Kigoma, unarukia kwa shemeji Bujumbura, na kabla watoto hawajalala umeshamfikia mama mmoja Uvira.

Naye haupokei kama habari ya kupitishia jioni. Kwake ni uamuzi wa kukimbia au kubaki.

Hebu tusimame hapo. Ujumbe unasema, “Wameshaingia, barabara zote zimefungwa, kimbilieni ziwani.” Hauna jina, hauna tarehe. Kama ni wa uongo, au ulikuwa wa kweli mwaka jana, huyo mama atafanya nini? Atabeba wadogo mgongoni, atawashika wakubwa mkono, na usiku huohuo atatafuta chombo chochote kinachoelea.

Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, muda mfupi kabla ya kufika gatini, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Makumi walikufa. Hao hawakusukumwa na uvumi, kwa kuwa mapigano yalikuwa yamekata barabara kweli na safari za maji ndizo zilizobaki. Lakini nani kati yetu angependa kumpandisha mtu kwenye chombo cha namna ile kwa ujumbe alioutuma bila kuusoma mara mbili?

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo. Ujumbe wa vita ukikufikia, utazame kwanza. Una mishale miwili juu yake? Hiyo ndiyo alama ya WhatsApp kwamba umeshapita mikono mingi na mwenyewe hajulikani tena. Una tarehe? Aliyeuandika alikuwa wapi? Je, idhaa za Kiswahili za BBC na DW zimeutaja? Ipo pia Radio Okapi, ambayo tangu 2002 inatangazia Wakongo nchini mwao, kwa Kiswahili pia. Kama hakuna aliyeutaja, uache ulale kwako. Ukiwa na ndugu kule, mpigie yeye peke yake. Hakuna haja ya kuwatangazia watu mia mbili.

Macho nayo yana kazi. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Ardhi yake ni nyeusi, kuta nyingi ni za mawe meusi, na barabarani utaona chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli inayobeba magunia ya viazi na makaa. Ukitumiwa video ya “Goma sasa hivi” yenye vumbi jekundu na minazi, mwulize kwa upole aliyekutumia: minazi imeota lini Goma? Mara nyingi utakuta ni picha za nchi nyingine kabisa, au za miaka mingi iliyopita zilizopewa maelezo mapya.

Na picha za maiti? Hizo, ndugu zangu, hata kama ni za kweli, ziishie kwako. Yule aliyelala pale ana mama, na mama huyo ana simu.

Inasaidia pia kujua vita hivi vilikoanzia. Kundi la waasi la M23 lilipata jina lake kutokana na makubaliano ya Machi 23, 2009 kati ya serikali ya Kongo na waasi wa CNDP. Waliosema makubaliano hayo hayakutekelezwa waliasi mwaka 2012, wakaiteka Goma mwezi Novemba, wakaondoka baada ya siku chache. Mwaka 2013 brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ilishirikiana na jeshi la Kongo kuwashinda. Wakaibuka tena mwishoni mwa 2021. Juni 2022 waliuchukua mji wa mpakani wa Bunagana, Januari 2025 wakaingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu.

Kongo inasema nyuma ya kundi hilo ipo Rwanda, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika hivyo katika ripoti zao. Rwanda inakana. Inasema hofu yake ni FDLR, kundi lililoko Kongo ambalo mizizi yake ni watu waliohusika na mauaji ya kimbari ya 1994. Wanajeshi wa Burundi wamepigana upande wa Kongo. Chini ya hayo kuna ugomvi mrefu wa ardhi, wa nani ni raia na nani mgeni, na wa madini. Machimbo ya koltani ya Rubaya, wilayani Masisi, yaliingia mikononi mwa M23 mwaka 2024.

Kesi kama hiyo hatuwezi kuikatia hukumu tukiwa kwenye daladala. Kuielewa kidogo, hilo tunaliweza.

Chukua siku chache tu za Desemba 2025. Tarehe 4, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda walitia saini mkataba mjini Washington, mbele ya Rais Donald Trump. Haikupita wiki mbili M23 wakawa wameingia Uvira, na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Burundi. Baadaye kundi likatangaza kuondoka mjini humo. Katika vikundi vyetu wapo waliotuma “amani imepatikana” na wapo waliotuma “hakuna mkataba wowote, ni maigizo”. Watu wakatukanana mpaka usiku wa manane.

Kumbe kilichosainiwa kilisainiwa, na kilichotokea Uvira kilitokea. Mkataba wa Washington ulikuwa wa serikali mbili. M23 hawakuusaini, na mazungumzo yao na serikali ya Kinshasa yalikuwa yakiendeshwa kando, Doha, kwa usuluhishi wa Qatar. Mtu akilijua hilo hahitaji kumtukana mwenzake. Anaweza kumweleza mwanawe kwa nini redio inataja amani na mapigano katika taarifa moja, na mtoto akaelewa. Lakini je, tunawaeleza watoto wetu? Au tunawaachia simu iwaeleze?

Nikumbushe jambo tunalolisahau kwa urahisi. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Kwa hiyo wanaogombana ni wa nyumba yetu hiihii. Na hawako mbali. Mkongo anauza vitenge Kariakoo. Mnyarwanda anasoma chuo na binti yako. Mrundi analima shamba la jirani. Mnyamulenge, ambaye ni Mkongo wa Kivu Kusini, amekaa kiti cha mbele yako kanisani, na pengine hujui kwamba kila habari ya Minembwe kwake ni habari ya nyumbani kwao.

Habari ikiwa mbaya, huyo mtu anaamka vipi kwenda kazini? Anaingia dukani, mtu anamtania, “Nyie mbona mnawamaliza wenzenu?” Aliyesema anacheka, wala hana nia mbaya. Aliyeambiwa hacheki. Dada wa saluni, kaka wa kinyozi, wenye viti vinavyokaliwa na watu wa kila kabila: nyinyi mnasikia mengi kuliko wabunge. Mnaweza kugeuza mazungumzo kwa sentensi moja. “Jamani, huyu ni mteja wetu, vita hakuvianzisha yeye.”

Yapo pia maneno mazito zaidi, ya kumtambua mtu kwa pua au kwa urefu na kumpa jina la mnyama au la mdudu. Hapo naomba tusitaniane hata kidogo. Mwaka 1994 redio ya RTLM nchini Rwanda iliwaita Watutsi mende, na wasikilizaji wakazoea. Watanzania wa Ngara hawahitaji kusimuliwa kilichofuata: mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja, wakapokelewa katika kambi ya Benaco. Neno la namna hiyo likiingia kwenye kikundi chenu, msimamizi alifute, kisha ampigie simu aliyelituma. Ampigie kama mdogo wake. Mara nyingi kijana amelibeba tu bila kujua uzito wake.

Watu wa mpakani wenyewe wana mengi ya kutufundisha. Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya watu wa Goma walikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, wakapokelewa. Katika siku za kawaida wachuuzi, wengi wao kina mama, wanavuka kwenye kizuizi cha Petite Barrière wakiwa na nyanya, maziwa na kuku, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Hata benki za Goma zilipofungwa mwaka 2025, wapo waliovuka kwenda Gisenyi kutafuta fedha zao. Sisi tulio mbali tusiwe wakali kuliko wao.

Kazini je? Mwalimu wa jiografia, unaweza kutenga nusu kipindi uchore Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika ubaoni, uonyeshe Uvira ilipo na Kigoma ilipo. Wanafunzi wataona kwamba miji hiyo miwili iko kwenye ziwa letu hilihili, Tanganyika. Mchungaji, padri na shehe, dua za amani mnazitoa, Mungu awabariki. Mkiongeza neno juu ya simu, waumini watalisikia kwenu kuliko kwa waziri. Dereva wa lori unayepeleka mizigo Kongo, unayoyaona njiani ni mengi, ila mahali wanajeshi walipopiga kambi si pa kuweka kwenye stetasi.

Na kwa wote: vijana wetu wa jeshi wamekufa Kongo. Desemba 2017, katika shambulio la kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, Tanzania ilipoteza walinzi wa amani wasiopungua 14. Mwanzoni mwa 2025 tulizika tena. Jina la askari likikufikia kabla ya tangazo rasmi, lishike moyoni. Je, ungependa mke wake alione kwenye simu akiwa sokoni, peke yake, na kikapu mkononi?

Vita hivi vitapotea kwenye vichwa vya habari, kama vilivyopotea mwaka 2013. Lakini watu watakuwa hawajarudi makwao. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na wapo watu wazima waliozaliwa humo. Ndiyo maana nasema, kufuatilia kuendelee hata kukiwa kimya. Kanisa lenu, msikiti wenu au kikoba chenu kikitenga hata mablanketi machache kila mwaka kupitia mashirika yanayohudumia kambi, nayo ni namna ya kufuatilia.

La mwisho ni kwa mwenye ndugu au rafiki kule. Mpigie. Usimwombe akupigie picha wenye bunduki, wala usimtumie klipu za siasa, maana anapita kwenye vizuizi na simu yake inaweza kukaguliwa. Usimwulize nani anashinda. Mwulize kama wamekula, kama maji yanatoka, kama watoto wanakwenda shule, kama bibi amepata dawa yake ya presha. Na akikwambia jambo la hatari, usimtaje jina kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kumsaidia, mpaka yeye mwenyewe aseme sawa.