Ndoa Ikivunjika, Tusigawanyike Kambi Mbili

Ndugu zangu wa Westmead na vitongoji vya jirani,

Mtu akifiwa hapa kwetu, jioni hiyohiyo kamati imeshaundwa. Mweka hazina yupo, wapishi wamepatikana, michango inaingia kutoka Blacktown na Auburn. Harusi nayo ina kamati, ina vikao, ina sare. Lakini ndoa ikivunjika tunaunda kambi mbili, wa kwa mume huku na wa kwa mke kule, na kundi la WhatsApp katikati la kuchochea moto. Mwenye kesi anapanda treni peke yake, kituo kimoja tu hadi Parramatta, akaingia mahakamani George Street na bahasha ambayo hajaelewa kilichoandikwa ndani.

Naomba tuliache hilo. Tuwe Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi au Waganda, wa msikitini au wa kanisani, kuchangiana tunakujua. Tukupeleke na huku: ndoa inayovunjika nayo iwe na kamati.

Kinachotuponza kwanza ni ushauri wa barazani. Mmoja atakwambia mtoto wa chini ya miaka 7 ni wa mama, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaelekea huko. Mwingine atasema mahari ililipwa, hivyo watoto ni wa ukoo wa baba, hakuna mjadala. Wa tatu ataapa kwamba Australia mama hupewa kila kitu. Parramatta hakuna hata moja kati ya hayo lenye nguvu. Tangu tarehe 6 Mei 2024, Sheria ya Familia ya Australia, iliyotungwa mwaka 1975, inamtaka hakimu aangalie masilahi ya mtoto kwa mambo machache: usalama wa mtoto na wa anayemlea, maoni ya mtoto mwenyewe, mahitaji yake pamoja na ya utamaduni wake, uwezo wa kila mlezi, na faida ya mtoto kuwa karibu na wazazi wake na watu wengine walio muhimu kwake. Hao watu wengine ndio bibi, babu na mama wadogo. Bibi anaweza hata kwenda mahakamani mwenyewe kuomba amri ya kumwona mjukuu wake. Wangapi kati yetu tulilijua hilo?

Talaka yenyewe ndiyo nyepesi kuliko yote. Mahakama haiulizi nani alikosa. Inataka wanandoa wawe wametengana miezi 12 na ndoa isiwe na matumaini ya kurudi. Mnaweza hata kuhesabiwa kuwa mmetengana mkiwa nyumba moja, jambo la kawaida kwa kodi za Sydney, ila hapo huhitajika ushahidi wa ziada, mara nyingi hati ya kiapo ya rafiki au ndugu aliyeyaona maisha yenu. Huyo shahidi atatoka wapi kama si miongoni mwetu?

Ugumu uko kwenye mali na watoto, maana amri ya talaka haigawi nyumba wala haiamui mtoto alale wapi. Talaka ikishakamilika, una miezi 12 ya kupeleka ombi la mgawanyo wa mali. Walioishi pamoja bila ndoa ya kisheria wana miaka 2 tangu walipotengana. Muda ukipita, unabaki kuiomba mahakama ikuruhusu, na inaweza kukataa. Kwa hiyo mzee anaposema, “Subirini kidogo, tunaongea na upande wa pili,” aangalie na kalenda.

Kwa Waislamu kuna jambo la nyongeza. Nikahi iliyofungwa hapa na mtu asiyesajiliwa na serikali haihesabiki kuwa ndoa ya kisheria, na talaka iliyotamkwa kwa simu haivunji ndoa iliyosajiliwa. Lakini asidhani mtu kwamba kwa kuwa hakuna cheti basi hakuna haki. Walioishi pamoja kama mke na mume kwa miaka 2, au waliozaa pamoja, kwa kawaida sheria inawatambua. Na mahari iliyoandikwa si karatasi ya mapambo. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya New South Wales iliamua kwamba mume alipe mahari ya dola 50,000 aliyokuwa ameahidi kwa maandishi.

Siwadharau wazee. Nyumbani Tanzania sheria yenyewe inataka mgogoro wa ndoa upite Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya kufika mahakamani, na Australia nayo inawataka wazazi wanaogombania watoto wajaribu kwanza usuluhishi kwa msuluhishi aliyesajiliwa, wapate na cheti chake. Kikao cha wazee hakikidhi sharti hilo, lakini kinaweza kumtuliza mtu hadi akafika huko akiwa na akili timamu. Ni kazi kubwa.

Ila penye kipigo, mkeka ukunjwe. Sheria haimlazimishi aliyepigwa kukaa na aliyempiga wasuluhishwe, na sisi tusimlazimishe. Tumewarudisha wanawake wengi mno kwa neno “vumilia”. Tangu tarehe 1 Julai 2024, katika New South Wales ni jinai kumtawala mwenza kwa vitisho na mabavu mfululizo, hata bila kumgusa: kumnyima fedha, kumfuatilia kwenye simu, kumtenga na ndugu, kumtishia kwamba viza yake itafutwa. Tena kitisho hicho cha viza mara nyingi ni cha uongo, kwa sababu sheria ya uhamiaji ina kinga kwa aliye kwenye viza ya ndoa akafanyiwa ukatili. Nambari ya ushauri ni 1800 737 732, saa 24. Hatari ikiwa mlangoni ni 000.

Na simu zetu zipumzike. Kutangaza hadharani habari zinazowatambulisha watu walio kwenye kesi ya familia ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja. Anayerusha picha za hati za kesi Facebook ili kumwaibisha wifi yake anajitafutia kesi yake mwenyewe.

Basi kamati hiyo ya ndoa inayovunjika ifanye nini? Iwe na wasindikizaji, wanawake na wanaume, wa kukaa na mtu kwenye benchi siku ya kesi. Wanaume hasa, maana baba aliyehamishwa kwake hana wa kumwambia na aghalabu huona haya kuomba. Iwe na watu wa kuwaangalia watoto siku hiyo. Iwe na mfuko, kwa kuwa ada ya ombi la talaka imepita dola 1,000, ingawa mwenye kadi ya nafuu ya serikali hulipa pungufu. Imwalike wakili wa Legal Aid NSW aje aongee nasi, kwenye ukumbi wa kanisa mara moja, msikitini mara nyingine. Na isimruhusu mtoto wa shule kumtafsiria mama yake maneno ya kesi yake. Mkalimani wa Kiswahili anapatikana kwa simu kupitia 131 450, na mahakama humpanga bila malipo ukiomba mapema.

Pale mahakamani Parramatta wapo pia mawakili wa zamu wa bure kwa waliokumbwa na ukatili wa nyumbani. Wengi wetu hupita mlangoni kwao bila kujua.

Viongozi wa jumuiya, maimamu na wachungaji, wekeni jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho. Nanyi mlio tayari kusindikiza, msingoje kuitwa; mpeni katibu wa jumuiya yenu jina na nambari ya simu wiki hii.