Mkimbio mmoja tu, kombe likaenda
Wasee, mnaikumbuka fainali ya Kombe la Dunia la kriketi 2019 kule Lord's? New Zealand 241, Uingereza 241. Ova ya ziada nayo, 15 kwa 15! Kabla ya hapo, mpira ulikuwa umegonga gongo la Ben Stokes akikimbia, ukapita mpaka. Refa Kumar Dharmasena akatoa mikimbio sita badala ya mitano. Baadaye alikiri alikosea, na kwangu hilo latosha. Refa ni mtu.

Kilichoniuma ni kanuni. Uingereza walipewa kombe eti walipiga mipira mingi mpakani, 26 kwa 17. ICC iliifuta Oktoba mwaka huohuo, New Zealand wakiwa washalia. Mbona msiwape wote wawili kombe?