Kuku wa Uani na Mdondo wa Kiangazi



Mwezi huu twaacha habari za chuoni, tuingie uani. Hapa Zuzu mvua hukatika Aprili, kisha hufuata upepo baridi wa Juni na Julai. Vifaranga hufa kwa kukosa kibanda kilichozibwa upande wa upepo. Hilo magunia mawili hulitengeneza. Msiba wenyewe huja na jua kali, yapata Agosti hata Novemba, nao ni mdondo, ambao wengine wauita kideri. Kuku huzubaa, mbawa zikaanguka, akaharisha kijani, shingo ikapinda. Nyumba yenye kuku ishirini huweza kubaki na wawili.

Mwaka jana mtoto mmoja alituuliza: “Maalim, kuku wetu watatu wasinzia. Mama asema tuwapeleke mnadani kabla hawajafa. Je, yafaa?” Twakiri kwamba tulinyamaza kitambo, maana mama yule ni mjane, na daftari za wanawe hutoka katika mayai. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta umaji ndani, alimkemea mwenye mali kwa kuuficha. Kuku mgonjwa ni mfano wa nafaka ile, tena amezidi kwa ubaya, kwani hubeba mdondo hadi uani kwa mnunuzi na kwa jirani zake. Tukamwambia wasiuze. Wale watatu wakafa, na baadaye saba wengine. Pole tuliyompa mama yule haikununua daftari.

Mdondo hauna dawa, na pilipili zitiwazo majini haziuzuii. Una kinga: chanjo ya I-2, itengenezwayo hapa nchini, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo nyingine. Ni tone moja jichoni, kwa kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja hutosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haikai. Basi majirani na wachange, wamwite bwana mifugo, wachanje siku moja kabla ya Agosti. Aliyekwisha ugua haimponyi. Aliyekufa ni mzoga. Azikwe, asitupwe jaani mbwa wakamburura.

Juzi mtoto yule alikuja chuoni na tetea mmoja kikapuni, akauliza chupa iko kwa nani.