OILI SIYO OILI TU



Mkutano mkuu wa Jumamosi utaamua jambo linaloonekana dogo: oili ya gari la ushirika. Kuna hoja kwamba tununue oili ya kupima kutoka kwenye pipa, tuitie kwenye injini na kwenye giaboksi pia, ati tuokoe fedha. Sisi tunaipinga hoja hiyo, na tunaeleza kwa nini.

Gari letu ni Toyota Corolla ya mwaka 1996, ya petroli, otomatiki. Ni kuukuu, kweli. Lakini ndilo linalowakimbiza wajawazito hospitali usiku, na ndilo linalofuata mbegu na dawa za mimea mjini. Likifa hatuna jingine.

Wengine wanasema oili ni oili. Siyo kweli. Oili ya injini inalainisha vyuma na kubeba masizi. Oili ya giaboksi ya otomatiki, yaani ATF, ina kazi nyingine: inasukuma kwa nguvu ya presha ili gia ziingie, inapoza, na inaziacha sahani za klachi zishikane sawasawa. Ukitia oili ya injini humo, sahani zinateleza, zinaungua, na giaboksi inakwisha. Nyekundu nazo siyo zote ndugu. Kijiti cha giaboksi ya gari letu kimeandikwa DEXRON II. Dexron III ilikuja baadaye na inafaa badala yake. Lakini ile iitwayo WS ni nyepesi, ya magari mapya zaidi. Isitiwe kwetu hata ikipewa bure. Na ile ya CVT ni ya giaboksi za namna nyingine kabisa.

Wengine wanasema injini mzee inataka oili nzito. Nambari za kwenye chupa zinasema uzito: 10W-30 ni nyepesi kuliko 20W-50. Oili nzito inachelewa kupanda juu asubuhi injini ikiwashwa, na huo ndio wakati vyuma vinasagana. Moshi wa bluu ukitoka, oili inaungua ndani; uzito utapunguza dalili, hautaponya ugonjwa. Basi tufuate kitabu cha gari: 10W-30 kwa kawaida, na nzito zaidi pale tu kitabu kinaporuhusu na fundi ameshapima injini.

Tazameni na herufi. S ni ya petroli, C ni ya dizeli. SL, SN na SP zote zinafaa gari letu. Lakini SA haifai injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930! Muuzaji hatakwambia hayo. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani hatukujifunza ili tuandike majina yetu tu. Tusome na chupa.

Wako pia wanaosema giaboksi kuukuu isiguswe. Hapo kuna ukweli nusu. Isisafishwe kwa mashine ya kusukuma oili yote kwa mkupuo. Ifunguliwe plagi, itoke sehemu inayotoka, tutie mpya kiasi kile kile, na baada ya safari kadhaa turudie. Oili ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, fundi aitwe. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, gari lisitembee.

Kupima nako kuna utaratibu wake. Ya injini: gari pahala tambarare, injini imezimwa dakika tano. Ya giaboksi: injini inaunguruma, imepata moto, mkono wa gia umepitishwa kote ukarudi P, ndipo kijiti kisomwe kwenye alama ya HOT. Anayepima kinyume atajaza kupita kiasi, na kujaza kupita kiasi pia ni kuharibu.

Injini yetu inakunywa lita tatu na kitu tu. Tofauti ya bei kati ya oili ya pipa na ya chupa yenye sili, tukiigawa kwa wanachama wote, ni ndogo. Giaboksi ikifa, mchango wake siyo mdogo, ndugu zangu.

Kwa hiyo tunapendekeza mkutano upitishe haya: oili inunuliwe kwenye chupa yenye sili na risiti, dereva awe na daftari la tarehe, kilometa na aina ya oili, oili ya injini na chujio vibadilishwe kila kilometa 5,000, na oili chafu isimwagwe mtaroni ikafika kisimani, iwekwe kwenye galoni irudishwe gereji.

Mwenye hoja tofauti aje nayo mkutanoni. Tutamsikiliza.

Katibu wa Tawi