Mchele Uliolowa Mafuriko Usiuzwe

Mji wa Chimala uko chini ya milima ya Kipengere, ukingoni mwa bonde la Usangu. Maji ya mafuriko yaingiapo madukani na katika maghala ya mpunga huweza kubeba kinyesi cha vyooni na dawa za mashambani. Uchafu wa vyooni ndio huenezao kipindupindu, kilichowapata watu zaidi ya 40,000 nchini mwaka 1997.

Kwa hiyo ni wajibu wa mfanyabiashara kuhakikisha umeme umekatwa kabla ya kukanyaga maji hayo, kuvaa mabuti na glavu, kusugua sakafu na kuta kwa sabuni, kisha kwa klorini. Mchele uliolowa usianikwe ukauzwa, utupwe. Auuzaye huwatwisha walaji hasara yake. Mabwana afya wasilifumbie macho jambo hilo: afya ya umma si fidia ya hasara ya mtu mmoja.