INJINI IKITOA DALILI, FUNDI ASIKILIZWE

Msafiri wa Unguja aliyekwenda Tabora zamani alivuka bahari hadi pwani ya Bagamoyo, kisha akaishika njia ya misafara. Mwaka 1857 Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kufika huko kutoka pwani. Leo kwa ndege ni safari ya saa chache, lakini uhai wa msafiri umo katika chombo asichoweza kukikagua mwenyewe.

Injini ya ndege ya kisasa ina vihisi, yaani vipimo vidogo vinavyopima joto la gesi, shinikizo la oili, mtikisiko na kasi ya mzunguko. Dalili ya mvua ni mawingu. Joto likipanda kidogo kidogo safari baada ya safari, ilhali nguvu inayotakiwa ni ile ile, fundi hutambua kwamba injini inachakaa, akaishughulikia kabla haijaharibika.

Hata hivyo, tarakimu hazijisemei. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Visiwani. Mtu akilinganisha vipimo vya Tabora na vya Unguja bila kuizingatia tofauti hiyo, aweza kuishuku injini nzima au kuiamini iliyo mbovu. Kwa hiyo chombo hakitoshi. Anahitajika mjuzi wa kukisoma.

Tena, kuujua ugonjwa si kuuponya. Mwezi Novemba 2022 Shirika la Ndege Tanzania lilieleza kwamba baadhi ya ndege zake za Airbus A220-300 zimesimama kwa sababu ya matatizo ya injini, matatizo yaliyoyakumba pia mashirika ya nchi nyingine. Pasipo injini ya akiba, ndege hukaa chini na abiria hutaabika.

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ulilizuia shirika hilo kuruka katika anga yake, na Juni 2025 ukayazuia mashirika yote yaliyoidhinishwa Tanzania, ukitaja kasoro katika usimamizi wa usalama. Hatusemi kwamba injini ndizo zilizoleta zuio hilo. Tunasema kwamba usalama hauhesabiwi kwa wingi wa ndege, bali kwa uangalizi wake.

Basi wakuu wanaohusika hawana budi kutenga fedha za injini za akiba na vipuri kila ndege mpya inaponunuliwa. Kuwasomesha mafundi, wa Bara na wa Visiwani, kazi ya kuzichambua taarifa za vihisi. Na kuhakikisha kwamba fundi akisema ndege isiruke, hairuki, hata kama abiria wamekwisha kuketi na miongoni mwao yumo kiongozi. Safari iliyoahirishwa yaweza kufanywa kesho. Roho iliyopotea hairudi.