Hadithi Ndefu na Waandishi Wasiomaliza

Twasikia mara nyingi wasomaji wakiwalaumu waandishi wa hadithi ndefu za ajabu, zile za falme zisizokuwako, za mazimwi na wachawi, zitokazo kitabu baada ya kitabu. Husema, "Amekwisha kushiba fedha, sasa ni mvivu." Sisi twalikataa neno hili. Mvivu haandiki maelfu ya kurasa. Kosa liko mahali pengine, nasi walimu tuna fungu letu ndani yake.

Na tumtazame George R. R. Martin wa Marekani, ambaye vijana wetu humjua kwa mchezo wa televisheni. Alikusudia vitabu vitatu tu. Cha kwanza kilitoka mwaka 1996, cha tatu mwaka 2000, wala mwisho haukuonekana. Alitaka kuruka miaka mitano ili watoto wa hadithi wakue. Akaona haifai, akatupa kazi nyingi. Cha nne kilitoka 2005, cha tano 2011. Mchezo ukafika mwisho wake mwaka 2019, na kitabu cha sita kilikuwa bado. Je, huu ni uvivu? La, ni madeni. Kila mtu mpya, kila siri, kila safari ni ahadi kwa msomaji, na ahadi ni deni. Mwanzoni mwandishi hukopa kwa furaha. Mwishoni wadai wote humjia siku moja.

Wengine watauliza, "Mbona Shaaban Robert alimaliza utenzi wake mrefu wa vita vya 1939 hata 1945?" Twajibu: vita vyenyewe vilimpa mwisho. Mwandishi wa nchi isiyokuwako hapewi mwisho na mtu. Hana budi kuutafuta mwenyewe.

Basi autafute lini? Hapa ziwani fundi wa mtumbwi hashushi majini nusu ya mbele na huku nyuma gogo halijachongwa. Lakini mwandishi apigaye chapa kitabu cha kwanza asipojua cha mwisho afanya hivyo hasa. Akigundua kosa la mwanzoni, hawezi tena kulisahihisha. Limo mikononi mwa watu. Tolkien wa Uingereza alianza hadithi yake kubwa mwaka 1937, akazirudia sura za mwanzo mara nyingi, akaimaliza yote kabla sehemu ya kwanza haijatoka mwaka 1954. Robert Jordan wa Marekani alitoa kitabu cha kwanza mwaka 1990, akafa mwaka 2007 kazi haijaisha. Ikamaliziwa na mwingine mwaka 2013.

Husemwa kwamba mwandishi huiona njia akiwa safarini. Ni kweli. Lakini na aione nyumbani kwake, kabla ya kuwaita watu wamfuate.

Nasi walimu je? Mtoto hutuletea kurasa mbili za majini na falme, nasi twaandika "Vizuri sana," pasipo kumwuliza hadithi itaishaje. Madaftari ya shule zetu yamejaa hadithi zilizokatika njiani, na sisi ndio tulizisifu. Mtoto aliyezoea sifa za mwanzo ataikimbia kazi ngumu ya mwisho. Tangu sasa, ndugu walimu, tusitie alama hadithi isiyo na mwisho. Tumrudishie mwenyewe daftari lake, tumwambie kwa upole, "Nenda ukamalize."

Mwalimu, Ikolo